Masika ya Friji la Chanjo

Jumapili, 8 Januari 1995

Tadea kakabidhiwa friji la chanjo! Mbele ya kanisa zima, mwanangu mimi! Hata salamu sijaandika, daftari linisamehe. Nimeketi hapa na kitenge cha misa bado kiunoni, ugali wa muhogo haujasongwa, lakini jambo kama hili likilala linapoteza utamu.

Ilikuwa hivi. Baada ya misa, Sista Hildegardi, mkuu wa zahanati yetu, alisimama kutangaza. Friji la mafuta ya taa limegoma tangu Noeli. Dawa ya chanjo ya surua iliyokuwemo imeharibika yote, na wilayani Mbinga hawatatuma nyingine mpaka friji lishike baridi siku tatu mfululizo. Kwa hiyo kaandika barua ya kumwomba fundi kutoka Songea, gari la misheni litaichukua kesho. Baada ya kesho gari halipandi tena, maana barabara ya mlimani ikishapigwa na mvua ya Januari ni Aprili ndipo tunaonana na watu wa juu. Zamani fundi wa serikali alikuwa anapita mwenyewe kila miezi mitatu. Tangu tuingie kwenye haya mambo ya ruksa, kila mtu auze apendacho, soda za kila rangi zimejaa Mbamba Bay, fundi ndiyo haonekani.

Nikasimama. Sikuomba ruhusa kwa mtu.

"Sista, barua ya nini? Fundi si huyu hapa nimeketi naye benchi moja!"

Watu wakacheka. Tadea akanivuta kitenge, "Mama, kaa chini," lakini nilikuwa nimeshaanza. Nikawaambia yuko mwaka wa pili chuo cha ufundi Songea, fani ya majokofu na viyoyozi, msichana peke yake kati ya wavulana ishirini na mmoja, na amekuja nyumbani miezi mitatu kwa mafunzo ya vitendo. Vitendo vyenyewe si ndiyo hivi?

Sista akamwangalia. "Tadea, unaweza?"

Nikajibu mimi. "Anaweza."

Sista akaikunja ile barua mara mbili, akaitia mfukoni.

Mlangoni Edina jirani yangu akanipokea kwa mdomo wake. "Hongera, Mama Injinia. Tutakunywa maji ya barafu mwaka huu." Wivu. Mtu anayepika gongo nyuma ya migomba atajua nini kuhusu majokofu? Mtoto wake Sixtus nilimbeba mimi mpaka nyumbani, maana huyo hana kosa. Ana mwaka mmoja na nusu, alipatikana baada ya miaka kumi ya kuhangaika, na ni mzito kama kiroba cha mahindi.

Jumatatu, 9 Januari

Mvua. Gari la misheni limepanda bila barua.

Jumatano, 11 Januari

Friji lenyewe nalijua kuliko wote. Kitambaa chake nimekidarizi mimi kwa niaba ya kina mama wa jumuiya, tukalivalisha kabla ya Noeli: maua mekundu, ndege wawili, na maneno KARIBU DAWA NJEMA. Kimefunika juu, ubavuni na mgongoni, kimeacha mlango na pale chini panapokaa taa. Tukalisogeza hadi ukutani ili masizi ya mgongo yasionekane na wageni. Hakuna zahanati mwambao huu wa ziwa yenye friji lililovaa vile.

Leo Tadea kalivua, kalifungua, kakaa chini sakafuni muda mrefu. Mzee Placidi, mhudumu anayejaza mafuta na kusoma kipimajoto kila asubuhi, alikuwa amesimama kama askari wa zamu.

"Shikamoo babu," Tadea akamwambia kwa mara ya pili, nikajua hana la kusema.

Nikalivalisha tena, tukalirudisha ukutani. Njiani akaniambia. "Mama, halina kompresa."

"Imeibiwa?"

"Haijawahi kuwepo. Sisi tumefundishwa friji za umeme. Kompresa inasukuma gesi, kondensa inaipoza, valvu inaipunguza, evapareta ndiyo inabeba joto la ndani. Vitu vinne. Lile pale lina moto chini na mabomba tu. Halitoi hata sauti. Mimi sijawahi kulisoma."

Nikamwambia mtoto wa Mkumbi hashindwi na baridi. Kwetu kule milimani baridi haina fundi, unaamka imekaa kwenye buni. Hakucheka.

Jumamosi, 14 Januari

Nimesoma mpaka darasa la nne kwa masista, na mwandiko wangu walikuwa wanauonyesha wageni. Basi nimesema nitasoma na mwanangu. Tumeketi barazani, mvua inanyesha, madaftari yake mapajani.

Nikamuuliza baridi inatengenezwa na nini. Akasema, "Baridi haitengenezwi, Mama. Baridi si kitu. Kitu ni joto. Friji kazi yake ni kulitoa joto ndani na kulitupa nje."

Nikambishia. Akanipaka spiriti ya Sista mkononi, akapuliza. Mkono ukawa baridi kama umeutia kisimani.

"Spiriti inageuka mvuke, na haiwezi kugeuka mvuke bure. Imechukua joto la mkono wako ikaondoka nalo."

Nikafikiri mtungi wangu wa maji unavyotoa jasho, na maji yake ya baridi hata Novemba. Miaka yote hiyo nilidhani ni udongo wenyewe ulio baridi! Kumbe jasho ndilo linaondoka na joto. Nimemwambia mkwe wangu Natalia, nimemwambia muuza dagaa wa usipa, nimewaambia wote kisimani. Mwanangu ana kichwa.

Lakini moto unaletaje baridi? Hapo wote wawili tumekwama.

Jumanne, 17 Januari

Placidi: kumi na saba. Inatakiwa isizidi nane.

Ijumaa, 20 Januari

Tadea kakata utambi, kasafisha bomba la moshi kwa brashi ya waya, moto sasa ni wa bluu, mzuri kama ziwa asubuhi. Usoni masizi matupu, nimemfuta na upindo wa kanga yangu kama alipokuwa mdogo. Alipoondoka nikalivalisha tena kitambaa chake. Alikuwa ameuliza kama kuna ubaya kukiacha, nikamwambia: kama moto ndio unaofanya kazi, basi moto usipotee, ulindwe. Akasema, "Labda."

Placidi: kumi na saba.

Alhamisi, 26 Januari

Surua iko kijiji cha pili. Mvuvi kaleta habari kwamba wamezika watoto wawili. Sista kaongea na Mbinga kwa redio ya misheni. Dawa wanayo, masharti ni yale yale, friji lishike baridi siku tatu. Akauliza fundi wa Songea, wakamwambia barabara imekatika sehemu mbili, hata angekuwepo angepita wapi.

Sista hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mama Tadea, binti yako analala?" Ningependa angenigombeza.

Loveth, mjukuu wangu kwa Natalia, ana miezi minane. Sista anasema dawa ikija, watachanja kuanzia miezi sita kwa sababu ya hatari hii. Dawa ikija.

Alhamisi, 2 Februari

Tadea kakumbuka neno la mwalimu wake mmoja mzee: friji za mafuta zikiziba, hupinduliwa kichwa chini kutwa nzima, kilichomo ndani ya mabomba kijichanganye upya. Wanaume wanne wamelibeba, wamelisimamisha kichwa chini, miguu juu. Kijiji kizima kimekuja kuona. Edina na Sixtus wake mgongoni akasema, "Hii ni injinia au uchinjaji wa kuku?" Watu wakavunjika mbavu. Mimi pia nilitaka kucheka, nikajizuia.

Jioni wamelisimamisha tena, taa imewashwa. Kitambaa nimekifua, kiko kambani, jua halipo.

Jumamosi, 4 Februari

KUMI NA MBILI! Placidi kaisoma mara tatu, kakifuta kioo, kumi na mbili! Tadea kanikumbatia mbele ya wagonjwa. Nimepita nyumba kwa nyumba kuwaambia. Kwa Edina nimesimama makusudi. "Kuku wako ameshaiva, Mama Sixtus." Akasema, "Heri. Kweli heri." Akaniangalia bila utani.

Jumapili, 5 Februari

Baada ya misa nimelivalisha tena. Nimeongeza ua moja pembeni kwa uzi wa dhahabu, na jina: FUNDI TADEA. Tumelisogeza ukutani vizuri. Tadea alikuwa amelala usingizi wa wiki nne, sikumwamsha.

Jumanne, 7 Februari

Placidi: kumi na tano.

Jumatano, 8 Februari

Kumi na saba.

Ijumaa, 10 Februari

Surua imeingia kwetu. Nyumba tatu. Mojawapo ni ya Edina; Sixtus wake zamu ya chanjo ilimpita akiwa na homa.

Jumapili, 12 Februari

Tadea hakwenda misa. Nilimkuta nyuma ya jiko akichoma karatasi, nikanyakua. Ni cheti chake cha mwaka wa kwanza, pembe moja imeshaungua.

"Mama, kwa nini ulisema naweza?"

"Kwa sababu ni mwanangu."

"Hiyo si sababu. Sista aliniuliza mimi. Ningesema 'nitajaribu, lakini barua iende.' Nilikuwa nayo mdomoni. Ukanipokonya."

Mimi ninayejibu hata yasiyonihusu, nikakifuta cheti masizi. Mvua ilizidi kupiga bati, karibu tusisikilizane, nikashukuru kwa hilo.

"Usinisifu tena," akasema. "Kila ukinisifu kunakuwa na mtu mmoja zaidi wa kumwangusha."

Jumatatu, 13 Februari

Kumi na saba. Watoto tisa.

Jumatano, 15 Februari

Lazima niandike yote haya, hata mkono ukiuma.

Asubuhi tulikuwa chumba cha dawa. Tadea alikuwa anamweleza Sista alichokipata kwenye karatasi ya mtengenezaji, iliyokuwa imegandamana chini ya droo, nusu imeliwa na mende. Anaeleza kama mtu anayejibu mtihani aliokwisha kufeli: ndani ya mabomba kuna maji yenye amonia. Moto wa chini unaichemsha amonia inapanda kama mvuke. Kule juu mvuke unageuka kuwa maji. Yale maji yanashuka kwenye chumba cha barafu, yanageuka mvuke tena, na hapo ndipo yanabeba joto la ndani, kama spiriti ya mkononi. Halafu yanarudi chini kuanza upya.

"Kwa hiyo moto ndio kompresa," akasema. "Hilo nimelielewa. Moto ni mzuri. Mabomba hayavuji. Sijui kwa nini."

Edina alikuwa kwenye benchi ya mlangoni akingoja Sista, Sixtus kamlalia kifuani, macho yamevimba, vipele hadi kwenye nyayo. Hakuna aliyekuwa anamwongelesha. Akasema kutoka kule:

"Na maji ya kupozea yako wapi?"

Tadea akageuka. "Maji gani, mama mdogo?"

"Usinifiche, Sista anajua kazi yangu, na Mungu anajua. Pipa langu likichemka, mvuke unapita kwenye bomba. Bomba nalipitisha kwenye beseni la maji ya baridi. Maji yale yakipata moto nisipobadilisha, mvuke unapita hivi hivi, chupani hakudondoki hata tone. Moto unaweza kuwa mzuri kama wa mbinguni. Hilo lenu mnalipozea wapi?"

Tadea akapeleka mkono nyuma ya friji, chini ya kitambaa, kati ya mgongo na ukuta. Akautoa haraka.

"Yote ya moto," akasema. "Mpaka juu kabisa. Yote."

Akanigeukia. Sitasahau alivyoniangalia, maana hakukuwa na hasira, ilikuwa kama mtu anayeomba radhi kwa atakalolisema.

"Mama, linapozwa na hewa. Ile safu ya mabati ya mgongoni ndiyo beseni lake. Tumelifunika na tumeliziba kwa ukuta. Joto halina pa kutokea. Lilipokuwa uchi siku mbili lilishuka kumi na mbili."

Tangu Noeli. Tangu nilipolivalisha. Ndege wangu wawili na maua yangu, na jina la mwanangu kwa uzi wa dhahabu.

Nilikivua mwenyewe. Placidi akanisaidia vifungo vya nyuma. Tukalivuta hatua moja kutoka ukutani. Tadea akapima usawa wa sakafu kwa bakuli la maji, akatia kibao chini ya mguu mmoja. Edina hakungoja kusifiwa. Alipewa dawa ya macho na ya homa, akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka kwenye mvua. Nilimfuata hadi kwenye ngazi nikitaka kumwambia kitu. Alikuwa ameshavuka migomba.

Alhamisi, 16 Februari

Kumi na tatu.

Ijumaa, 17 Februari

Placidi: tisa. Tadea kasema saba kesho.

Alfajiri tulisikia kilio. Sixtus.

Jumamosi, 18 Februari

Friji lilikuwa sita. Sikumwambia mtu.

Tumemzika kabla ya saa sita kwa sababu ya mvua, kaburi lilikuwa linajaa maji wakati linachimbwa, wanaume wanayachota kwa sufuria. Jeneza alilitengeneza seremala kwa mbao za kreti za soda, bado zina maandishi upande wa ndani. Mwaka mmoja na nusu. Miaka kumi ya kungoja.

Baada ya mazishi nilikwenda jikoni kwake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Sikujua nimwiteje. Nikamwita kama siku zote.

"Mama Sixtus."

Akaitika.

"Ni mimi niliyezuia barua ya fundi. Ni mimi niliyelifunika friji."

"Najua," akasema. "Kanisa zima lilikusikia. Na kitambaa chako nani hakukiona, si ulituita wote tuje kukiangalia?"

Nikabaki nimesimama.

"Unataka nikupige? Sina nguvu. Kaa hapo, menya mihogo. Watu hawajala."

Nimemenya mpaka jioni, makarai mawili. Hakusema tena na mimi, wala hakunifukuza. Miaka kumi na minne tumepakana migomba, na nilikuwa simjui. Nilijua harufu ya gongo lake tu.

Jumatatu, 20 Februari

Sita. Siku ya tatu. Sista kaita Mbinga kwa redio asubuhi, redio inakoroma tu. Mchana hivyo hivyo.

Jumanne, 21 Februari

Tano. Redio inakoroma.

Alhamisi, 23 Februari

Tano. Wamezika mwingine, wa upande wa Kihagara. Watoto kumi na saba kitandani. Tadea analala hapo hapo zahanati kwenye jamvi, anaamka kuangalia moto kama mama mwenye kichanga. Nimempelekea uji. Nikaweka bakuli chini. Akasema, "Asante, Mama. Kaa." Nikakaa.

Ijumaa, 24 Februari

Redio imeshika! Sista alipiga magoti pale pale na spika mkononi. Mbinga wamekubali. Dawa itapanda gari mpaka barabara ilipokatika, vijana wataivusha kichwani kwenye maporomoko, gari lingine litaipokea mpaka Mbamba Bay, halafu boti. Kasha lao la baridi linahimili siku nne. Safari ni tatu, ziwa likiwa tulivu.

Ziwa si tulivu.

Jumapili, 26 Februari

Nne na nusu. Watu wanaogopa. Kisimani wanasema dawa itakayolala kwenye friji lililoua hachanjwi nayo mtoto wao. Mmoja kanitazama usoni akasema, "Wewe ndiye utuambie ni zima? Si ndiye uliyetuambia Januari?"

Nimejitwika ndoo. Kasema kweli.

Loveth leo macho mekundu kidogo. Natalia anasema ni moshi wa kuni mbichi. Nimemgusa paji la uso mara kumi. Mara ni moto, mara si moto. Mkono wangu wenyewe siuamini tena.

Jumatatu, 27 Februari

Edina kaja asubuhi na mapema, kitambaa cha msiba kichwani. Nilidhani amekuja kudai karai lake nililoondoka nalo siku ya mazishi.

"Sista kaniambia watu hawataki."

"Hawataki. Kwangu mimi hawatasikia neno."

"Kwangu watasikia. Mimi sina wa kumsifu tena." Akajifunga kanga vizuri kiunoni. "Nimetia mkono wangu mgongoni mwa lile friji jana. Nimetia na ndani. Nitawaambia nilichogusa, basi. Wewe andika tangazo, una mwandiko. Nyumba za mbali nitawaachia karatasi."

Tumeketi barazani, mimi naandika, yeye anasema. Nilipofika kwenye jina la fundi kalamu ikasimama. Edina akasema, "Liandike. Kazi ameifanya. Ila mara moja tu." Nikaliandika mara moja, kwa herufi za kawaida.

Nimenakili karatasi thelathini na mbili, vidole vimekufa ganzi, na tarehe ni aliyotupa Sista. Ya mwisho naiweka hapa. Macho ya Loveth bado mekundu, na boti ya dawa haijaondoka Mbamba Bay.

KINA MAMA NA KINA BABA WOTE. Dawa ya kukinga surua inatarajiwa zahanati. Friji limepona, limetengenezwa na Tadea, limeguswa na Edina. Mtoto yeyote wa miezi sita mpaka miaka mitano, hata kama alichanjwa zamani, hata kama kuna mvua, abebwe aletwe. Asibaki nyumbani hata mmoja. Ni Jumamosi, tarehe 4 Machi, saa mbili asubuhi.